Dawa ya saratani ipo, ya maumivu je?

(Mada iliyotolewa na kamanda mwenzetu kwenye kikao cha mafunzo cha vijana wa jimbo. Tumeisafisha kidogo tu. Lugha tumeiacha kama alivyoongea.)

 

Katibu aliponipigia aliniambia niandae mada ya "sekta ya afya na nafasi ya kijana". Nikamjibu, katibu, hiyo nikiisoma yote watu watalala, na mimi nitalala kabla yao. Niachie nusu saa niseme kitu kimoja ninachokiona kila wiki. Akakubali, kwa sharti nisizidishe muda. Nitajitahidi.

Wengi mnanifahamu, nauza kwenye duka la dawa muhimu karibu na stendi. Huu mwaka wa saba. Na msije mkasema najipigia debe, kwa sababu karibu dawa zote nitakazozitaja leo siruhusiwi kuziuza. Maduka yetu yana orodha yake na hatuvuki hapo. Lakini watu hawalijui hilo, wanaanzia kwangu. Mtu anashuka kwenye basi, ametoka hospitali kubwa na mgonjwa wake, mkononi ana cheti chenye mistari minne mitano. Mmoja umewekwa tiki. Mingine yote pembeni imeandikwa O/S. Haipo stoo. "Dada, hizi unazo?" Namwambia sina, na huku hutazipata, itabidi urudi mjini kwenye famasi kubwa. Anakunja karatasi, anaifunga kwenye pindo la kanga. Wengine hawarudi mjini, nauli imeshaisha.

Sasa mnisikilize hapa. Dripu ya saratani huyu mtu kashapewa kule kule hospitali. Kilichoandikwa kwenye cheti ni vya kwenda navyo nyumbani: dawa ya kuzuia kutapika, ya maumivu, ya kulainisha choo, pengine sindano ya kupandisha chembe nyeupe za damu. Zinaitwa dawa saidizi. Na mimi naona hilo jina ndilo linalotuponza, kwa sababu ukisikia "saidizi" unafikiri ni kitu cha ziada, kama pilipili kwenye wali, ukikosa utakula tu.

Mama yangu mdogo alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake nchini kwetu. Akapangiwa mionzi kila siku ya kazi na dripu ya sisplatini mara moja kwa wiki, kwenye hospitali ambayo jina lake naliacha. Dripu ilikuwepo. Mashine ilikuwa inafanya kazi. Dawa ya kuzuia kutapika haikuwepo, tukaambiwa tukanunue nje. Wiki ya kwanza tukanunua. Wiki ya pili tukanunua nusu. Wiki ya tatu mjomba alikuwa hajapata hela, tukasema atavumilia.

Sisplatini madaktari wanaiweka kundi la juu kabisa la dawa zinazotapisha. Bila kinga, zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 watatapika. Na siyo kutapika kwa kula kitu kibaya, ukatema ukapumzika. Mama mdogo alitapika siku tatu. Maji akitapika, uji akitapika, hata harufu ya sabuni ya kufulia alikuwa haivumilii. Halafu kuna jambo ambalo mimi mwenyewe, mtoa dawa mzima, nililielewa baadaye sana: sisplatini inaumiza figo, ndiyo maana mgonjwa anawekewa maji mengi kabla na baada. Mtu anayetapika siku tatu anamwaga yale yale maji yaliyokuwa yanamlinda.

Wiki ya nne alikataa kwenda. Tulimbembeleza, mchungaji akaja, akakataa. Akasema bora nife nimelala kuliko kufa nimeinamia ndoo. Nilipokwenda baadaye kufuatilia karatasi zake nikakuta faili limeandikwa neno moja, mtoro. Mtoro wa matibabu. Kama mtoto aliyekimbia shule. Tulimzika kabla ya mwaka kuisha.

Sisemi angepona. Sijui, na daktari wake naye hakuniahidi. Ninachosema ni kwamba kwenye takwimu za nchi hii mama mdogo hayumo kwenye hesabu ya upungufu wa dawa. Dawa ya saratani ilikuwepo, mgonjwa akatoroka, basi.

Na serikali ikisimama bungeni ikasema upatikanaji wa dawa umefika asilimia fulani, mara nyingi wala haisemi uongo. Hapa naomba tuwe makini makamanda, maana tunapenda sana kusema "uongo mtupu" halafu tunaaibishwa. Asilimia hizo zimekuwa zikipimwa kwa orodha ya dawa zilizochaguliwa. Zile 10 za mwanzo zilikuwa na vitu kama chanjo, dawa mseto ya malaria, ORS, oksitosini ya akina mama wanaojifungua. Vitu vya maana kabisa, sina ugomvi navyo. Lakini mofini haikuwemo. Kwa hiyo kituo kinaweza kupata alama nzuri na wodini mtu analia usiku kucha. Swali letu lisiwe "dawa zipo asilimia ngapi?" Liwe "mofini ipo? Ondansetroni ipo? Mara ya mwisho ziliisha lini, na zilikaa siku ngapi bila kuwepo?"

Nimeitaja mofini. Naona wengine mmetazamana. (Kicheko.) Ngoja tuimalize.

Mofini ya kunywa ni unga unaochanganywa na maji. Haina maajabu. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road pale Dar es Salaam imekuwa ikiichanganya na kuwagawia hospitali nyingine. Mofini iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza kabisa, mwaka 1977. Unga wenyewe ni wa bei ya chini ukilinganisha na karibu kila kitu anachopewa mgonjwa wa saratani. Mgonjwa ananywa kila baada ya saa nne, kwa kipimo alichopangiwa. Pamoja nayo anapewa dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini inafunga tumbo, na nimewahi kuona watu wakiacha mofini kwa sababu ya choo tu, hakuna aliyewaambia kwamba ni vitu viwili vinavyokwenda pamoja.

Watu wanaogopa mambo mawili. Moja, atakuwa teja. Mbili, wakimwanzishia mofini maana yake wamemkatia tamaa. Mgonjwa anayepewa kwa maumivu, kwa kipimo cha daktari, si teja, na daktari anaongeza au kupunguza kadiri maumivu yanavyokwenda. Na haileti kifo. Nimeona mtu aliyekuwa hawezi kukaa akakaa, akaomba chai, akauliza mtoto wake amefaulu au amefeli.

Sasa kwa nini inakosekana? Mofini inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961. Kila nchi inapeleka makisio ya mahitaji yake ya mwaka kwenye bodi moja iko Vienna, na hairuhusiwi kuagiza zaidi ya makisio. Kumbe basi kuna karani mahali anayekaa na kuandika namba. Namba hiyo akiichukua kwa kuangalia matumizi ya mwaka jana, na mwaka jana dawa haikuwepo, ataandika ndogo, na mwakani tena itaonekana matumizi ni madogo. Mnaona ile duara? Upungufu umeandikwa kwenye karatasi kabla mgonjwa hajaugua. Na mkataba unaruhusu nchi kupeleka makisio ya nyongeza wakati wowote, kwa hiyo "tumefika kikomo" siyo jibu la mwisho.

Dunia nzima mgao uko hivyo hivyo. Tume ya jarida la Lancet mwaka 2017 ilisema kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazogawanywa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilikuwa zinapata tani 0.1. Sifuri nukta moja. Hilo siwezi kumbebesha mkuu wa wilaya wetu, ingawa najua mngependa.

Lakini pia tusijifiche kwenye "ni tatizo la dunia". Uganda hapo jirani, si matajiri kuliko sisi. Mwaka 1993 daktari Muingereza, Anne Merriman, alianzisha Hospice Africa Uganda pale Kampala, wakaanza kuchanganya mofini ya maji. Serikali yao ikakubali igawiwe bure kwa wagonjwa. Halafu wakafanya kitu ambacho mimi ningependa wabunge wetu wakisome: mwaka 2004 sheria yao iliruhusu wauguzi waliosomea huduma hiyo kuandika mofini. Wauguzi. Maana daktari huko kijijini hayupo, muuguzi yupo. Hiyo haikuhitaji ndege wala jengo la ghorofa. Ilihitaji watu kukaa kwenye kamati na kubadilisha kanuni.

Twende kwenye dawa zile nyingine, maana hapo ndipo sisi wa jimboni tuna mkono. Ondansetroni, deksamethasoni (ile iliyopata umaarufu kipindi cha korona), vilainisha choo, hizi hazina mlolongo wa Vienna. Hospitali ya umma inaagiza MSD. MSD isipokuwa nayo, inatakiwa iijulishe hospitali kwamba haipo, na hospitali inaweza kwenda kwa mshitiri, yule msambazaji aliyeteuliwa wa mkoa. Mfumo unaitwa Jazia, ulianza Dodoma 2014 na baadaye ukaenea mikoa mingine. Kwa hiyo ukiambiwa "MSD hawana", hiyo ni nusu ya jibu. Uliza nusu ya pili: taarifa ya MSD ililetwa lini, na mshitiri aliandikiwa lini? Nimemwona diwani wetu mmoja akiuliza hivyo kwenye baraza, kwa upole kabisa, na ukumbi ukanyamaza. Hakuna aliyekuwa na tarehe. Wiki mbili baadaye ondansetroni ikapatikana. Pengine ni bahati, lakini mimi ningeendelea kuuliza.

Kuna suala la fedha pia, sitalikalia sana kwa sababu mnalijua. Deni la serikali kwa MSD limejirudia kwenye ripoti za CAG. Azimio la Abuja la 2001, asilimia 15 ya bajeti kwa afya, tulilisaini na hatujalifikia. Na kuna msamaha: sera inawataja wagonjwa wa saratani kwenye kundi la kusamehewa gharama. Ni jambo jema, ila msamaha unakusamehe bei ya dawa iliyopo dirishani. Dawa ikiwa haipo, unaikuta famasi kwa bei ya mjini, na famasi haina dirisha la msamaha. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 nayo itakutana na ukuta huo huo, kadi haitapishi wala haizuii kutapika. (Kicheko.) Nacheka na nyinyi lakini ndivyo ilivyo.

Hata Marekani mwaka 2023 walikosa sisplatini, baada ya kiwanda kimoja cha India kusimama. Tofauti ni kwamba kule mamlaka yao ya dawa inachapisha orodha ya dawa zilizopungua, daktari anaifungua asubuhi, anajipanga. Sisi mgonjwa anagundua akiwa dirishani, ametoka safari ya saa nane. Hilo ni dai ambalo chama kinaweza kulibeba bila hata shilingi moja ya bajeti: bandikeni orodha ya dawa zilizoisha kila wiki, ukutani na mtandaoni.

Tufanye nini sisi hapa. Katibu, naona unatazama saa, namalizia.

Tumeanza kitu kidogo kata tatu. Kila mgonjwa anayekubali anapata kijana mmoja wa kumsindikiza. Kazi ya kwanza ya huyo kijana ni simu. Kabla mgonjwa hajapanda basi, anapiga hospitali, anaomba aunganishwe na dirisha la dawa, anauliza kila dawa kwa jina. Jina la dawa lenyewe, siyo la kampuni, kwa sababu ondansetroni ya kampuni hii na ya kampuni ile inaweza kupishana bei sana na ni dawa ile ile. Anaandika kwenye daftari: tarehe, dawa, jibu. Basi. Hilo daftari ndilo diwani alilokuwa nalo siku ile barazani.

Ikiwa haipo, haendi dukani kuuliza "mbadala". Anarudi kwa daktari aliyeandika. Mbadala zipo, wakati mwingine za bei rahisi kuliko ya kwanza, lakini anayeamua ni yule anayejua figo na moyo wa mgonjwa, siyo mimi wa stendi. Halafu anapita ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Hospitali za rufaa zinayo, na wagonjwa wengi wanaipita mlangoni bila kujua ni ya nini. Na kama mgonjwa hawezi kusafiri, muulize daktari mapema kama ndugu anaweza kumchukulia mofini na aje na karatasi gani, usisubiri chupa iishe.

Mambo ya kukariri. Homa. Mgonjwa aliye kwenye dripu za saratani akifika nyuzi 38, hiyo ni dharura, unakwenda hospitali usiku huo huo. Usimpe panadoli ukangoja kuche, kwa sababu chembe nyeupe zikiwa chini maambukizi yanamaliza mtu kwa saa, siyo kwa siku. Na zile sindano za kupandisha chembe nyeupe zinakaa kwenye ubaridi, nyuzi 2 mpaka 8. Kuna baba mmoja alijinyima akanunua mjini, akasafiri nayo kwenye mfuko wa rambo, juu ya injini ya basi. Alinionyesha kwa furaha. Sikujua nimwambieje. Nunua kibebeo cha ubaridi, kama hunacho njoo ofisini tumechangia viwili, na usiigandishe pia.

Lingine ni gumu kidogo kulisema. Mgonjwa akifariki, chupa ya mofini inabaki na nusu. Jirani ana mgonjwa anayelia. Unajua moyo unakwambia nini. Usifanye. Kipimo cha yule si cha huyu, na ni dawa ya kudhibitiwa kisheria, unaweza kumuua mtu na ukafungwa wewe uliyetaka kusaidia. Inarudishwa hospitali. Na zile namba za watu wa WhatsApp wanaosema wana kila dawa na wanatuma kwa basi, hapana.

Sasa la mwisho, najua litaleta maneno. Mwezi uliopita kwenye kundi letu alikuja mtu na wazo kwamba kila tukimsaidia mgonjwa tupige picha, mgonjwa ameshika dawa, sisi na tisheti za chama, tuweke mtandaoni watu waone nani anafanya kazi. Nilikataa, na leo nakataa mbele ya viongozi. Yule mama ana ugonjwa ambao hata wakwe zake pengine hajawaambia. Kesho anarudi kwenye dirisha la hospitali ya serikali, akiwa na picha yake na bendera yetu mtandaoni. Nani atamsindikiza hiyo siku? Na wale wa chama tawala wenye wagonjwa, ambao nao ni wengi, watatupigiaje simu? Daftari langu halina safu ya chama. Kama viongozi wanataka kuonyesha kazi, waonyeshe tarehe: dawa hii ilikosekana siku hizi, tuliuliza siku hii, tukajibiwa hivi. Hiyo iwekeni mtandaoni mchana kweupe.

Na tuache kungoja uchaguzi. Kamati za usimamizi wa vituo vya afya zina nafasi za wananchi wa kawaida, na ndizo zinazopitia matumizi ya fedha zinazoingia moja kwa moja kituoni. Nafasi zinapotangazwa, vijana wetu hawaombi kwa sababu hazina posho ya maana. Ombeni. Na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa kwa barua, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Barua mbili ziko hapa mezani, nimeshaziandika, zinauliza ondansetroni na mofini zilikosekana siku ngapi tangu Januari. Zinahitaji mtu wa kuzisaini kwa jina lake na kuzipeleka Jumatatu. Mimi nitasaini moja.

Daftari la wasindikizaji yuko nalo dada wa uhamasishaji pale mlangoni. Tunahitaji watu wanne wa kata ya juu, wenye simu isiyozima na subira ya kungoja "tafadhali subiri".  Mwenyekiti, kama kuna maswali niko tayari, ila ya bei za dawa za dukani kwangu tuonane nje.